Ngoma za Wasukuma Baada ya Mavuno

Huko Usukuma, kusini ya Ziwa Victoria, majira ya ngoma ni miezi ya kiangazi, tangu Juni hata Agosti, mavuno yakiisha kuwekwa ghalani. Adhaniye kwamba watu hao hucheza kwa furaha ya shibe tu, amekosea. Ngoma zao ni mashindano, tena ya zamani.

Wazee husimulia ya kuwa katikati ya karne ya 19 walikuwako waganga wawili mashuhuri, Ngika na Gumha, wakabishana ni nani mwenye dawa kali zaidi. Ikakatwa shauri wacheze wakati mmoja. Atakayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, na wa Gumha Bagalu. Kanuni ni ile ile hata leo: makundi mawili hucheza pamoja, na mtazamaji akigeuka kwenda upande wa pili, amekwisha kutoa hukumu kwa miguu yake. Ndiyo sababu kila kundi hutafuta la kustaajabisha. Hawa huleta chatu, wale nungunungu; na kiongozi hana budi kutunga nyimbo mpya, kwa maana wimbo uliokwisha kuchakaa haumzuii mtu asiondoke.

Sisi twaipenda zaidi bugobogobo, ngoma ya majembe. Asili yake ni shambani: vijana walilima pamoja shamba la mtu, majembe yakipanda na kushuka kwa mapigo ya ngoma, na kazi ya siku nyingi ikaisha upesi. Baadaye jembe likaingia uwanjani, likarushwa juu na kuzungushwa hewani.

Wamisionari wengi wa kwanza walizichukia ngoma hizi kwa ajili ya zile dawa, na kijana aliyebatizwa alipaswa kuchagua kati ya kanisa na uwanja aliochezea baba yake. Uchaguzi mgumu! Katika miaka ya 1950 Padre David Clement, mtu wa Canada, alitenda vingine huko Bujora, karibu na Mwanza. Alizikaribisha ngoma kwenye Sikukuu ya Ekaristi, katika sherehe iitwayo Bulabo, yaani maua. Baada ya maandamano ya ibada, Bagika na Bagalu wakashindana kama walivyozoea. Bulabo yangali ikifanyika Bujora. Nazo dawa za kuvuta watu, wengine hunong'ona, hazikubaki nyumbani.