Tindikali Itoayo kwa Daraja

Mnamo mwaka wa 1833 alikuwako mjini Glasgow, katika nchi ya Uskoti, mwalimu wa kemia aitwaye Thomas Graham, ambaye baba yake alitamani sana awe kasisi, naye akahitari mizani na chupa. Na ndiye aliyewabainishia maulamaa wa zama zake kwamba tindikali ya fosforasi haina namna moja tu ya kuungana na soda, bali inazo tatu.

Lilikuwako jambo moja la kutatiza. Ukichukua maji yaliyoyeyushwa fosfeti ya soda, ukayatia maji ya nitrati ya fedha, ilhali yote mawili hayana ukali wa tindikali hata chembe, hutuama mashapo ya rangi ya manjano, na maji yanayobaki juu yake huwa makali. Ukali huo umetoka wapi? Graham alipima akaona kwamba fedha hushika nafasi tatu, lakini katika chumvi ile soda ilikuwa imeshika mbili tu, na ya tatu ilikuwa imeshikwa na maji. Ama sisi leo tungesema, na haidrojeni, ambayo fedha huiondoa mahali pake, nayo ndiyo iyafanyayo maji kuwa makali. Alipozidisha soda kali, aliipata pia chumvi yenye soda katika nafasi zote tatu. Mwaka 1838 Mjerumani Justus Liebig akaithibitisha kanuni hiyo hata katika tindikali ya ndimu.

Sababu ya kanuni hiyo ilingoja nusu karne, hadi Svante Arrhenius alipoleta tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Uppsala mwaka 1884, akapewa alama ya chini (ingawa alitunukiwa Nobeli mwaka 1903). Kwa nadharia yake, haidrojeni hutoka ndani ya maji ikiwa ioni yenye umeme chanya. Ya kwanza huondoka kwa wepesi. Lakini ikisha kuondoka, kinachosalia nyuma kina umeme hasi, nao huivuta ya pili isitoke, na ya tatu huvutwa zaidi, hata kila hatua ikawa dhaifu kuliko iliyoitangulia takriban mara 100,000.

Katika damu ya binadamu, fosfeti husimama kwenye hatua ya pili: takriban sehemu nne kwa tano zimekwisha kuitoa ioni ya pili ya haidrojeni, na moja bado imeishikilia, basi ukali ukizidi, zile nne huipokea, na ukipungua, hiyo moja huitoa.