Kumpima Mwalimu Mwanagenzi wa Upandaji Farasi

Uingereza, anayetaka kufundisha upandaji farasi mara nyingi hupitia mitihani ya British Horse Society, chama kilichoundwa mwaka 1947. Mitihani hupanda kwa ngazi, na kufundisha hupimwa kando na kupanda. Ni busara, kwani mpandaji hodari aliyeanza utotoni husahau kirahisi jinsi kukaa juu ya mnyama anayetembea kunavyotisha.

Linalomfichua mwanagenzi zaidi ni somo la kamba ndefu. Yeye husimama katikati, farasi akimzunguka katika duara la kipenyo cha mita 20 hivi, na mwanafunzi aliye kwenye tandiko hana kazi ya kuongoza. Kabla mwanafunzi hajapanda, mtahini huwa ameshaona mengi. Je, kofia ngumu imefungwa sawasawa? Mkanda wa tumboni umekazwa? Farasi amezungushwa kwanza bila mtu, pande zote mbili, ili hali yake ijulikane? Vigwe vya pembeni, vinavyounganisha lijamu na tandiko, hufunguliwa wakati wa kupanda, maana farasi aliyebanwa kichwa anaweza kuingiwa na hofu akarudi kinyumenyume. Wala kamba haiviringishwi mkononi: farasi akikurupuka, ataondoka na mwalimu.

Somo likianza, kinachopimwa ni jicho. Mkao mzuri hutakiwa kupanga sikio, bega, nyonga na kisigino katika mstari mmoja wa wima, lakini mgeni hukosea kila kitu kwa mpigo: anatazama chini, magoti yanabana, visigino vinapanda, pumzi imezuiwa. Mwanagenzi dhaifu huyataja yote, moja baada ya jingine, kwa sauti inayozidi kupanda. Aliyeiva hutambua kwamba hofu ndiyo mzizi. Humpa mwanafunzi ukanda wa shingoni mwa farasi aushike, kisha humwuliza swali lolote lile, kwa kuwa anayejibu hana budi kupumua. Aghalabu mapaja hulegea na visigino hushuka vyenyewe.

Matiti, yaani mbio ndogo za mapigo mawili, hudai maandalizi. Kuinuka na kukaa hufundishwa farasi akiwa amesimama, halafu akitembea, kwa kuhesabu moja, mbili. Anayeruka hatua hizo humwacha mwanafunzi arushwerushwe, na mgongo wa farasi nao huumia.

Katika somo la kundi, mtahini huangalia nafasi kati ya farasi na kama mwalimu anawaona wapandaji wote. Hufuata maswali kuhusu huduma ya kwanza, ulinzi wa watoto na kumbukumbu za ajali. Hapa waliokariri hujibu vizuri kuliko walioelewa, na huo kwangu ni udhaifu wa mtihani. Uwanjani hakuna kujificha hivyo: hatari ikijitokeza, mtahini hulisimamisha somo papo hapo, hata kama maelezo yalikuwa yakimiminika kwa ufasaha.