Kalamu ya Hakimu na Kinywa cha Shahidi

Wakili wa utetezi anamhoji mzee aliyetoka Mlalo kuja kutoa ushahidi: "Kulikuwa na giza, hukumwona vizuri, siyo?" Mzee anajibu: "Ndiyo." Hakimu anaandika: "Kulikuwa na giza. Sikumwona vizuri." Mzee katamka neno moja, jalada limempa sentensi mbili. Ndiyo ya nini? Ya giza peke yake? Ya kutomwona? Au ya kuitikia tu, kama anavyoitikia mtu wa adabu akisemeshwa na mkubwa? Kwenye karatasi maswali hayo hayapo tena.

Hakimu kafuata utaratibu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inaelekeza kwamba ushahidi katika mahakama za chini kwa kawaida uandikwe kama masimulizi, bila swali na jibu. Tena kwa miongo mingi shahidi alisema Kiswahili na hakimu wa wilaya akaandika Kiingereza. "Saa nne usiku" ikageuzwa saa kumi ya Kizungu. "Yeye", ambaye kwetu aweza kuwa mume au mke, akapewa jinsia na mwandishi. "Ndugu" akafanywa kaka au binamu, kadiri hakimu alivyoelewa. Jaji wa rufaa kule Tanga hamwoni mzee, anasoma jalada.

Marekebisho ya sheria ya 2021 yalikifanya Kiswahili lugha ya mahakama, nami nayaunga mkono kwa moyo wote. Ila lugha ilikuwa nusu tu ya tatizo. Masimulizi ya Kiswahili nayo humsemea mtu, na ni vigumu zaidi kuyatambua kwa sababu yanafanana na usemi wake.

Na kusemewa si kwa mahakamani tu: watu wa Usambara, iliko Mlalo, nao waliwahi kusemewa. Mpango wa kuhifadhi udongo ulioanzia Mlalo mwaka 1946 uliwalazimisha wakulima kupiga matuta kwenye miteremko. Walipokataa, maafisa waliwaelezea kuwa wajinga wanaong'ang'ania mila. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyewasikiliza Washambaa kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu chake mwaka 1990, anaonyesha kwamba walikuwa na hoja: kazi ya matuta ilikuwa nzito mno, ardhi ilikuwa haba, na wengi waliogopa kupoteza haki ya kulima. Mpango ulikufa mwishoni mwa miaka ya 1950.

Kwa upande wa mahakama, dawa imo katika sheria ileile ya 1985. Hakimu anatakiwa amweleze shahidi kwamba ana haki ya kusomewa ushahidi wake, na akiwa na la kusema juu yake, liandikwe. Lakini mpaka aombe. Na Mahakama ya Rufani imekwisha kuamua kwamba kutotimiza sharti hili hakubatilishi kesi ikiwa hakuna aliyedhulumiwa. Mzee aliyesimama mbele ya hakimu kwa mara ya kwanza maishani atathubutu kuomba? Nitaambiwa majalada ni mengi na mkono wa hakimu umechoka. Ni kweli. Hata hivyo, kumsomea mtu ukurasa mmoja ni dakika chache, na kifungo ni miaka.

Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1998, kipo hapa hapa Lushoto. Nawaomba wakufunzi wake wamzoeze kila hakimu mtarajiwa kumsomea shahidi maneno yake bila kungoja kuombwa, kisha anyamaze, asikilize kitakachosahihishwa, na akiandike.