Mawagoni makuukuu, ni watoto wa nani?

Kwetu, mgeni akifika tunamuuliza kwanza: wewe ni mtoto wa nani, unatoka wapi? Lakini mawagoni makuukuu yanayolala pembeni ya stasioni zetu, hakuna anayeyauliza. Mengine hayana tena magurudumu. Bodi tu njo imebaki, watu wamefanya depo ao nyumba ya kulala. Sisi tunaona inafaa kuyauliza, na tuonyeshe namna gani.

Kosa la kwanza ni kuamini rangi. Herufi za juu zinataja bwana wa mwisho, hazitaji mzazi. Mwaka wa 1974 makampuni ya reli yaliunganishwa kuwa SNCZ. Kisha inchi ikarudilia jina la Kongo mwaka wa 1997, tukasoma SNCC. Rangi ikibambuka, pengine chini yake kunaonekana BCK, KDL ao CFL. Ile CFL, iliyoundwa mwaka wa 1902, njo reli ya wazee wa Kindu, Kongolo, Kabalo na Kalemie.

Magurudumu nayo yanaweza kudanganya. Reli ya CFL ilikuwa na upana wa milimetre 1000, ile ya Katanga 1067. Mwaka wa 1955 njia ya Kindu mpaka Kalemie ilipanuliwa, na mwaka wa 1956 ikaungana na Kamina. Wagoni iliyozaliwa mbele ya pale ililazimika kubadilishiwa magurudumu, kama ilitaka kuendelea na safari.

Tutazame basi kiunzi na pembe za bodi, si milango, kwa sababu mlango unabadilishwa kila mara. Vichwa vya riveti vikijipanga kama shanga, ni kazi ya zamani. Sudure ilienea nyuma. Tutafute pia kibao cha kiwanda. Baume et Marpent ya Haine-Saint-Pierre, kule Ubelgiji, ilikuwa moja ya viwanda vilivyotengeneza mawagoni.

Tusishangae kukuta herufi za kigeni. Reli kutoka Rhodesia ilifika Lubumbashi mwaka wa 1910, na ile ya Benguela ikaungana na yetu mwaka wa 1931, zote kwa upana wa 1067. Kwa hiyo RR ao CFB si fumbo: ni jirani aliyepita mpaka bila kushusha mizigo.

Leo bodi nyingi zinakatwa vipande na kuuzwa kama feraya. Chuma kikiisha kuyeyushwa, hakuna wa kukiuliza tena. Wazee waliosukuma, waliopakia na waliopaka rangi zile wanapungua nao. Walimu wenzetu, tuwapeleke wanafunzi na daftari na kalamu, pamoja na mzee mmoja wa reli. Waandike kila herufi, wapime, wachore. Shaba yetu ilitoka ndani ya mawagoni hayo, na jasho la babu zetu pia. Tusiache yaende bila jina.