Kaimati Si za Kenya Wala za Tanzania

Wasee, Idd ikikaribia vita huanza, na Krismasi ikikaribia vinarudi. Mtu anaposti sinia la kaimati zinameta shira, mwingine anatokea kwenye komenti: "Hizo ni zetu, nyinyi Wakenya mmeiga tu." Ndani ya dakika kumi watu washatukaniana mpaka mama zao, na hakuna hata mmoja aliyeuliza unga ulitoka wapi.

Mimi ni wa Taveta. Kwetu boda iko karibu kiasi kwamba ukikosa iliki hapa, unapanda bodaboda mpaka Holili na kurudi kabla unga haujaumuka. Upande huu tunasema kaimati, upande ule wengi wanasema kalimati. Digrii ya historia sina, chuo niliacha. Lakini hii kesi haihitaji digrii, inahitaji mtu apange tarehe tu.

Tuanze na jina. Kwa Kiarabu tonge ni luqma, na vitonge vidogo ni luqaimat. Hapo ndipo kaimati na kalimati zimetoka. Ukienda Oman au Dubai leo mwezi wa Ramadhani utazikuta kwa jina hilo la luqaimat. Waturuki wanaziita lokma. Wagiriki wanaziita loukoumades na wanazimwagia asali. Jina ni moja, kila mtu amelitamka kwa ulimi wake.

Na ni za zamani kuliko unavyodhani. Mwaka 1226 kule Baghdad, bwana mmoja aitwaye Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi aliandika kitabu cha mapishi. Ndani yake kuna kitu kinachoitwa luqam al-qadi, yaani matonge ya kadhi: unga ulioumuliwa, ukakaangwa vitonge vitonge, ukatiwa utamu. Kadhi ni yule yule unayemjua wa Mahakama ya Kadhi. Kwa hiyo karibu miaka 800 iliyopita kuna hakimu alikuwa anakula kitu ambacho shangazi yako anakipika leo kwa jiko la makaa.

Sasa weka tarehe hiyo kando ya nyingine. Boda yetu ilichorwa 1886. Waingereza na Wajerumani walikubaliana huko Ulaya kwamba mstari uanzie mdomo wa Mto Umba pale pwani, uje mpaka Ziwa Jipe, ulizunguke kwa mashariki na kaskazini, uvuke Mto Lumi, halafu upite katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga. Hivyo ndivyo Taveta ikaangukia kwa Mwingereza na Moshi ikaangukia kwa Mjerumani. Hakuna mzee wa huku aliyeulizwa. Kati ya kile kitabu na huo mstari kuna miaka 660. Ukisema kaimati ni za Kenya ama ni za Tanzania, unachukua mstari wa juzi kupimia kitu cha kale.

Lakini stori haiishii hapo, kwa sababu "zimetoka Uarabuni" pia ni jibu la haraka haraka. Jina lilikuja na bahari, sawa. Kaskazi inaleta majahazi, kusi inayarudisha, na watu wa Oman walikuwa wakija pwani hii karne nyingi. Waliwatoa Wareno Fort Jesus mwaka 1698, na mwaka 1840 Seyyid Said alihamishia makao yake Zanzibar. Lakini kutoka pwani mpaka huku kwetu ni safari nyingine kabisa, na hiyo ndiyo haisimuliwi.

Taveta ilikuwa kituo cha misafara. Waswahili kutoka Mombasa na Pangani wakielekea Umasai na Uchagani walipumzika hapa, kwenye msitu wetu, wakanunua chakula, wakashona shanga za kuuza mbele. Mzungu Joseph Thomson alipopita 1883 aliikuta kazi hiyo ishazoeleka. Lugha ikafika hivyo, kanzu zikafika hivyo. Ila kaimati ni jambo lingine. Zinataka unga wa ngano, sukari, na karai la mafuta mengi ya moto. Mpagazi anayetembea kutoka pwani na mzigo kichwani hakai chini kukaangia wenzake vitafunio vya shira. Hicho ni chakula cha mtu aliyetulia na ana duka karibu.

Duka lenyewe lilikuja na reli, na reli ilikuja na vita. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza Wajerumani waliiteka Taveta. Mwaka 1915 Waingereza wakaanza kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuja huku. Februari 12, 1916 wakapigwa vibaya kilima cha Salaita, mwezi uliofuata wakarudi na nguvu zaidi, na baadaye reli ikaunganishwa na ile ya Wajerumani iliyokuwa imeshafika Moshi. Wanajeshi waliondoka, njia ikabaki.

Na njia hiyo inabeba nini? Kampuni ya Unga ilianzishwa 1908 na Lord Delamere, settla aliyekuwa akilima ngano Njoro. Kiwanda cha sukari cha Miwani, kule karibu na Kisumu, kilianza 1922. Ngano ya Bonde la Ufa na sukari ya Nyanza zikawa vitu ambavyo gari la moshi linaweza kukuletea. Kitonge cha kadhi kikawa kitu ambacho hata kibarua wa shamba la mkonge anaweza kuwaonjesha watoto wake, ingawa ni mara moja kwa mwaka. Ndiyo maana kikawa cha sikukuu. Kilikuwa ghali.

Hapo ndipo naona utamu wa hii historia. Kilo moja ya unga ukikata mkate unapata vipande kadhaa na watu wanahesabiana. Kilo hiyo hiyo ukiifanya kaimati unajaza sinia. Hamira, maji ya uvuguvugu, unaupiga unga kwa mkono mpaka uvutike, unaufunika uumuke. Unaubana kwenye ngumi, unachomoza kitonge juu ya kidole gumba, unakichota na kijiko, tumbukiza. Mafuta yenyewe yanakiumua kiwe mviringo, kazi yako ni kugeuza bila kuchoka. Shira ya sukari na iliki inangoja pembeni. Hakuna haja ya sahani wala kisu. Wageni 10 wakiongezeka ghafla hakuna mtu anayeaibika. Na huku kwetu sahani inayotoka kwa jirani Idd hairudi tupu Krismasi.

Kwa hiyo swali la "ni za nani" mimi naona linatupumbaza. Swali lenye uzito ni nani anaweza kuzipika. Mnakumbuka Juni 2024? Ule Muswada wa Fedha tulioingia barabarani kuupinga ulikuwa na pendekezo la ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia. Kelele zikawa nyingi, pendekezo likaondolewa, na mwishowe muswada wote ukarudishwa. Mwaka mmoja kabla, kilo ya sukari ilikuwa imepita shilingi 200. Kaimati haziwezi kuibiwa na Mtanzania. Ila zinaweza kurudi kuwa chakula cha kadhi peke yake, na sisi tuko bize tunatukanana na watu wa Holili.

Kitu kingine. Majina yote niliyotaja hapa ni ya wanaume: mwandishi, sultani, mpelelezi, settla. Waliofikisha kaimati kwenye sinia lako ni wanawake, na hakuna aliyewaandika. Nyanya yako anajua unga wake unataka maji kiasi gani kwa kuugusa tu. Hiyo kumbukumbu haiko Baghdad wala haiko intaneti.

Sikukuu hii, kabla hujaingia kwenye komenti kupigana, ingia jikoni na simu yako umrekodi. Muulize alifundishwa na nani, mwaka gani, na sukari ilikuwa bei gani wakati huo. Halafu uniambie hapa chini: kwenu mnasema kaimati ama kalimati, na aliyekuwa akizipika anaitwa nani kwenu, bibi, nyanya ama shangazi?