Namba Iliyosingiziwa Utasa

Zidisha mbili sitini na saba pamoja, kisha toa moja: hupatikana 147,573,952,589,676,412,927. Mwaka 1644 mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, aliitia namba hii miongoni mwa tasa, yaani zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Neno lake lilidumu zaidi ya karne mbili. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kwamba si tasa, wala hakuweza kutaja hata kigawo chake kimoja! Kwangu mimi, ajabu kubwa ni hiyo: kujua kwa yakini kwamba vigawo vipo, pasipo kuviona. Frank Nelson Cole alividhihirisha New York mwaka 1903: 193,707,721 na 761,838,257,287. Kuvitafuta kulikuwa kazi ndefu; kuvizidisha, mwanafunzi mwenye kalamu na subira hamalizi saa nzima.