Kutoka Vitabu vya MTUHA hadi Lugha ya Viashiria: Historia Fupi ya Modeli za Takwimu za Afya katika Pwani ya Mtwara

1.1 Utangulizi

Historia ya programu za kompyuta nchini Tanzania huandikwa mara nyingi kama historia ya mashine: zilifika lini, wapi na kwa fedha za nani. Sehemu hii inachunguza jambo tofauti, yaani jinsi maarifa ya wahudumu wa afya yalivyogeuzwa kuwa modeli, na modeli hiyo ikapewa lugha mahususi ya uwanja, lugha ndogo ya kikompyuta inayobuniwa kwa shughuli ya aina moja tu. Eneo linalorejelewa ni pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na Kilambo, karibu na mlango wa mto Ruvuma.

1.2 Modeli ya karatasi

Modeli ilitangulia kompyuta. Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya (MTUHA), ulioanzishwa mwaka 1993, uliwapa wahudumu wa zahanati vitabu vyenye namba: Kitabu cha 5 kwa wagonjwa wa nje, cha 6 kwa wajawazito, na kadhalika. Kila safu ilikuwa uamuzi kuhusu kipi kihesabiwe na kipi kiachwe.

1.3 Jukwaa na lugha yake

Programu ya DHIS ilizaliwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990. Toleo la pili, DHIS2, liliendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuliingiza nchini. Upya wake ni kwamba mtakwimu huisanifu fomu mwenyewe, bila kumngoja mwanaprogramu, kwa kutaja elementi za data, kategoria, vituo na vipindi. Kiashiria huandikwa kwa kiasi na asili, na ndani ya usemi huo kila elementi huwakilishwa na msimbo wa herufi na tarakimu 11. Kanuni za uhakiki huandikwa vivyo hivyo; kwa mfano, watoto waliopata dozi ya tatu ya chanjo hawatarajiwi kuzidi waliopata ya kwanza.

1.4 Modeli mpakani

Asili ya viashiria vingi ni makadirio yanayotokana na sensa, na sensa huhesabu waliolala nchini. Kiasi, kwa upande wake, huhesabu kila aliyehudumiwa, hata aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Tuchukulie zahanati inayotarajiwa kuzalisha akina mama 80 kwa mwaka, ikazalisha 92, wakiwemo 20 wa ng'ambo. Jukwaa litatoa asilimia 115. Ukweli ni kwamba wenyeji waliofika ni 72, sawa na asilimia 90, na wanane hawakufika. Hao wanane ndio waliopaswa kutafutwa, lakini asilimia 115 haimtumi mtu yeyote kuwatafuta.

1.5 Hitimisho

Kosa hilo si la hesabu, kwa kuwa lugha imetekeleza ilichoambiwa. Kijiji cha mama huandikwa kitabuni, lakini kisipotenganishwa katika muhtasari wa mwezi hakifiki kwenye jukwaa. Kuongeza kategoria ya makazi ni kazi ndogo ya usanifu. Hivyo basi, swali la kihistoria ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kuiongeza, na iwapo mhudumu wa Kilambo aliwahi kuulizwa.